Nimerudi kutoka harusi ya Kihindi ya siku nne Muscat. Niulizeni

#1 BintiUpanga (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kuna mtu aliwahi kuleta uzi humu, kaalikwa harusi ya Kihindi nje ya nchi, anauliza aende au atume bahasha tu. Mkamjaza utani mpaka akakimbia. Na mimi yamenikuta, nikaenda, nimerudi Jumanne na hina ingali mikononi. Ngoja niandike kabla sijasahau.

Bibi harusi nimekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza. Mgujarati wa Dar, wa jamii ya Walohana, kwao Kisutu karibu na hekalu. Wakati wa mitihani nilikuwa nakula dhokla kwao kuliko ugali kwetu. Bwana harusi kazaliwa Leicester, Uingereza, ila babu yake alikuwa na duka Mwanza. Harusi ikapangwa Muscat, Oman. Dar hapana, Leicester hapana, India hapana. Kwa nini, nitafika huko.

Nianze na hela, maana nawajua. Kadi ya mchango hakuna. Vikao hakuna, wala mweka hazina wa kukupigia saa mbili usiku kukukumbusha ahadi. Wenye harusi wanalipa chumba na chakula kuanzia Alhamisi mchana hadi Jumapili asubuhi. Wewe unajilipia tiketi, nguo na bahasha. Tiketi yangu kwenda na kurudi ilinitoka milioni moja na laki nne, nilikata miezi minne kabla. Nilitangulia kufika Jumatano, kwa hiyo usiku ule mmoja ulikuwa wangu: rial 62. Msiidharau hiyo 62, rial moja ya Oman ni dola mbili na senti sitini.

Kadi ilisema wazi hawataki zawadi za maboksi. Unatoa pesa, wenyewe wanaita chandlo, na haikamiliki bila moja juu: 101, 501, 1,001. Bahasha zao zinauzwa Kisutu zikiwa na sarafu imeshabandikwa kwenye kona. Mimi niliweka laki mbili na elfu moja. Hiyo elfu moja mama yake rafiki yangu aliikagua kwanza kabla ya laki mbili, nakwambieni ukweli.

Tarehe nayo ina kisa. Wazazi walitaka Desemba ili wa Uingereza watumie likizo. Maharaj, yaani kuhani wao, akafungua kalenda yake akasema haiwezekani: kuanzia katikati ya Desemba hadi tarehe 14 Januari ni kamurta, mwezi wa mkosi, ndoa haifungwi. Ikasogezwa wiki ya mwisho ya Januari. Watu waliokuwa wameshaomba likizo kazini wakanuna, lakini maharaj habishiwi. Bahati ni kwamba Januari ndiyo Muscat inakalika. Hao hao wangepanga Juni tungeokwa.

Naenda kula, nikirudi naanza siku ya kwanza.

#2 Kipanga_wa_Ilala

Nimevuta kiti. Swali moja tu la muhimu: siku nne bila nyama kweli mkuu?

#3 Mzalendo halisi

Hela ya kuchezea hii. Watu mia mbili mnapandishwa ndege mkacheze ngoma jangwani wakati Diamond Jubilee ipo hapo hapo Upanga. Halafu mnasema wenzetu wanajua kubana matumizi.

#4 nyau_mweusi

Weka picha, bila picha hii ni chai.

#5 BintiUpanga (mleta uzi)

Picha siweki, sura za watu hizo. Nyama nitaijibu mbele ya safari, ina siri yake.

Siku ya kwanza, Alhamisi. Chumbani nilikuta mfuko wa kitenge. Kweli kitenge, walishonesha Dar. Ndani kuna thepla, yaani chapati zao za viungo, zimefungwa kwenye foili, achari ya embe, vidonge vya tumbo, na karatasi ya ratiba yenye rangi ya nguo kwa kila shughuli. Hiyo karatasi ndiyo kamati yenyewe. Alhamisi jioni kijani, Ijumaa asubuhi njano, Ijumaa usiku rangi zozote zinazong'aa, Jumamosi asubuhi nguo rasmi za kwao, Jumamosi usiku gauni au suti. Wanawake wa kwetu mnaokwenda: nyeupe tupu acheni, kwao ni ya msibani. Nyeusi wazee hawaipendi. Nyekundu muachieni bibi harusi.

Mimi nilishonewa blauzi ya sari na fundi wangu wa Kariakoo. Nilimwambia aache nafasi ya kupumua. Alichoelewa anajua yeye. Jumamosi nilivaa saa moja asubuhi na hadi saa nane mchana sikuweza kuinua mkono wa kulia juu ya bega. Picha zote napunga mkono wa kushoto.

Asubuhi ilianza na puja, yaani ibada, ya mungu wao Ganesh, ya familia tu, dakika arobaini. Jioni hina. Hapa ndipo Mswahili unajisikia nyumbani, kwa kuwa hina tunaijua. Tofauti ni kwamba piko hakuna, na kazi ni nyembamba kama uzi wa buibui. Bibi harusi alikaa saa tano. Mikono hadi juu ya viwiko, miguu hadi karibu na magoti, na katikati ya maua wanaficha jina la mume, alitafute siku ya harusi. Wanasema rangi ikikolea, mama mkwe atakupenda. Kwa hiyo hatuachi ikauke hivi hivi, tunapakapaka ndimu na sukari kwa pamba, tena na tena.

Tatizo ni kwamba mtu aliyepakwa hivyo hana mikono. Hawezi kujikuna, hawezi kushika simu, hawezi kula. Kazi ya kumlisha nilipewa mimi. Panipuri, kama hamjawahi kuiona, ni kama bajia tupu ndani, unaitoboa, unaweka viazi na dengu, unaijaza maji ya mnanaa na ukwaju, na inatakiwa iingie mdomoni nzima kabla haijapasuka. Sasa mlishe mtu hivyo huku amenyoosha mikono kama aliyekamatwa na polisi. Ya tatu ilimpasukia kidevuni. Alicheka mpaka aliyekuwa akimchora mguu wa kushoto akatuomba kwa heshima tutulie. Nilipomfuta kidevu nikaona analia. Nikajua hapo ndiyo harusi imeanza, yale mengine ni mapambo.

#6 dadaMwajuma

Umenikumbusha singo ya dada yangu Tanga, manjano na liwa mpaka shuka zikatupwa. Nasubiri mwendelezo.

#7 Mpishi wa Nungwi

Mleta uzi naomba niongezee upande wa jikoni, nimefanya kazi hoteli za Unguja miaka tisa na harusi hizi zinakuja na huku.

Mzungu akifunga ndoa ufukweni ni watu thelathini, keki, saa mbili biashara imekwisha. Muhindi anachukua hoteli nzima. Jambo la kwanza wanalouliza ni jiko, ufukwe baadaye. Wanakuja na wapishi wao, nao pia wanaitwa maharaj, na wanataka masufuria yasiyowahi kuona nyama. Siyo yaliyooshwa, yasiyowahi kuona. Tulinunua mapya. Wakiwepo Wajaini, watu wa dini ya Kijaini, ndani ya wageni, inaongezeka meza isiyo na kitunguu, kitunguu saumu wala viazi, maana hawali kinachong'olewa na mzizi. Chai inatoka kuanzia saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya wazee na haizimwi mpaka watu wa kucheza walale, yaani saa tisa usiku. Tulikuwa na zamu ya chai peke yake.

Kinachotuua hasa ni mapambo. Bustani ile ile asubuhi inatakiwa ya manjano, jioni ya rangi zote, kesho yake mandap, kibanda cha kufungia ndoa, ya maua. Kati ya shughuli moja na nyingine una saa nne au tano. Nimeshika nyuzi za maua kuliko visu.

#8 Mzalendo halisi

Sawa, ajira tumeziona. Lakini hata Modi mwenyewe, Waziri Mkuu wa India, aliwasema watu wake, Novemba 2023 kwenye kipindi chake cha redio, kwa nini wanapeleka harusi nje badala ya kuacha pesa nyumbani. Baada ya hapo wakaja na kaulimbiu ya kuoania India. Wao wenyewe wanajua ni ufahari.

#9 mtu_wa_takwimu

Ufahari ulianza zamani mkuu. Tajiri wa chuma Lakshmi Mittal alimuoza binti yake Ufaransa 2004, siku sita, shughuli moja wapo ikafanyika kasri la Versailles. Halafu nyota wa filamu wakafanya iwe fasheni: Anushka Sharma na mcheza kriketi Virat Kohli wakaenda Italia Desemba 2017, Deepika Padukone na Ranveer Singh wakafuata Ziwa Como Novemba 2018. Baada ya hapo kila mwenye kiwanda cha mabomba akataka bahari nyuma ya mandap. Tajiri Ambani ndiye aliyerudisha nyumbani India, Jamnagar Machi 2024 na Mumbai Julai, na hata yeye katikati akapenyeza sherehe ya melini kutoka Italia.

#10 BintiUpanga (mleta uzi)

@Mzalendo halisi ufahari upo, sikatai. Kuna ukuta wa maua ulioletwa kwa lori la baridi na ulidumu saa tatu. Ila jibu hili: nyumbani ni wapi?

Upande wa bibi harusi ni Dar, sawa. Mjomba yupo Toronto, shangazi Nairobi. Upande wa bwana harusi Leicester, na ndugu wengine Rajkot, India, ambako vijana hawajawahi kukanyaga. Ingefanyika Dar, wa Leicester wangesema wamefuatishwa. Ingefanyika Leicester, nusu ya wa Dar na wote wa Rajkot wangenyimwa viza, na hilo msinibishie, mnajua foleni zile. India ilikataliwa na vijana wenyewe. Muscat kila mtu ni mgeni, hakuna aliyemtembelea mwenzake. Baba yake bibi harusi aliniambia hivi: "Pale hakuna mtu wa kusema nimekuja kwako."

Sasa sikieni kilichonifanya niandike uzi. Dereva aliyenipokea uwanja wa ndege kavaa kanzu nyeupe na kofia yao ile ya kudariziwa, mimi najikusanya na Kiingereza changu. Akaangalia karatasi yenye jina langu, akaniangalia, akasema, "Karibu dada, safari njema? Hilo begi niachie mie." Kiswahili cha Unguja, laini. Wazazi wake walitoka huko baada ya 1964. Nikadhani ni bahati tu. Kumbe jioni ile ile ndani ya basi la wageni wazee wa Leicester, watu wa miaka sabini na themanini wenye lafudhi ya Uingereza, wakaanza kumhoji kwa Kiswahili. Na Kiswahili chao kimesimama pale walipokiacha. Mmoja alimuuliza, "Bwana dreva, hii motakaa ina nguvu kupanda mlima?" Motakaa! Basi zima likaangua kicheko, hata dereva.

#11 Msafiri wa Mutrah

Assalam alaykum. Mie mzaliwa wa Malindi, Unguja, nnakaa Muscat tokea 1974. Sultani Qaboos aliposhika nchi 1970 akataka watu wake waliotawanyika warudi kujenga, tukarudi. Kiswahili hapa utakisikia sokoni, hospitali, na polisi pia, basi ukimsengenya mtu angalia nyuma.

Nawasahihisha kidogo. Mnasema Wahindi wamekuja jangwani kucheza ngoma, kama kwamba ni wageni wa jana. Mabaniani wa Kachi, kule India, wapo Muscat kabla ya sisi sote humu. Biashara ya Muscat na ya Unguja ilikuwa mikono ile ile. Enzi za Seyyid Said, forodha ya Unguja aliikodi Jairam Shivji, Mbhatia wa Kachi, ushuru wa meli zote ukapita kwake. Na hapa petu, Kanaksi Khimji, wa ukoo uliotoka Mandvi, alipewa na Sultani Qaboos cheo cha usheikh. Baniani, akapewa usheikh! Amefariki 2021. Hekalu lao la Shiva lipo mji wa kale jirani na kasri la Al Alam, Modi mwenyewe alilizuru Februari 2018.

Na rial yetu ina baisa elfu moja. Baisa hiyo ndiyo pesa yenu. Neno lenu la pesa mnadhani limetoka wapi kama si kwao?

#12 Kipanga_wa_Ilala

Sheikh asiyekula nyama. Mimi bado nasubiri majibu ya nyama.

#13 BintiUpanga (mleta uzi)

@Msafiri wa Mutrah shikamoo mzee, umenifundisha. Jumapili walitupeleka hilo hekalu, sikujua lolote kati ya hayo.

Siku ya pili. Asubuhi pithi, yaani manjano. Bibi harusi anakalishwa kwenye kigoda, ndugu wanapita mmoja mmoja wanampaka manjano, unga wa dengu na maji ya waridi, kwanza kwa adabu, halafu vijana wanaanza vita. Dakika kumi baadaye kila mtu ni njano. Hoteli ilitandika plastiki mpaka kwenye lifti.

Usiku garba. Jamani. Mnajua sisi tunaingia ukumbini kwa mapozi, MC anaita, tunazunguka na leso. Garba ni mduara, unapiga makofi, hatua tatu mbele, unageuka, na mduara haukungojei. Nilijiona najua kucheza. Bibi mmoja wa miaka sitini na kitu, sari yake kaifunga vizuri, viatu kavua, alinipita mara nne. Mara ya tano akanishika mkono akaniambia kwa Kiswahili, "Wewe angalia miguu yangu, usiangalie watu." Baada ya hapo nikaweza. Zikaletwa fimbo za dandiya, nikampiga mjomba wa Toronto kwenye kidole, tukasameheana.

Saa tano usiku hoteli ikazima muziki wa nje, sheria ya pale. Tukahamia ukumbi wa ndani na mpiga dhol, ngoma yao, akiongoza mbele. Sijui walilala saa ngapi, mimi niliondoka saa nane na walikuwa wanaagiza chai.

Sasa lugha. Hii iliniua. Kigujarati wana maneno kama yetu, maana nyingine kabisa. Kaka kwao ni baba mdogo au mkubwa. Dada ni babu mzaa baba. Na mama, shikeni viti, ni mjomba, kaka wa mama. Kwa hiyo asubuhi ya pithi nasikia watu wanapiga kelele "Mama! Mama aje!" nageuka kumtafuta mama wa watu, anakuja mwanamume mwenye masharubu amebeba trei ya nguo. Ni mama. Na "dada" aliyekaa kwenye kiti cha heshima ana ndevu nyeupe hadi kifuani. Dereva wetu alicheka akasema alipata shida hiyo hiyo, aliambiwa akamchukue dada uwanja wa ndege, akasimama akitafuta msichana.

#14 nyau_mweusi

Naondoa kauli yangu ya chai. Hii ya mama mwenye masharubu huwezi kuitunga.

#15 Mzaliwa wa Tabora

Mimi Muhindi mwenyewe, kuzaliwa Tabora, sasa Leicester, nasoma humu kila siku lakini siandiki. Leo naandika. Kiswahili yangu mtasamehe.

Huyo mzee aliyesema motakaa hakuwa mimi, lakini angeweza. Baba alikuwa na nyumba mbili. Mwaka 1971 serikali ilichukua majengo yenye thamani kupita shilingi laki moja, yetu moja ikaenda. Mwaka uliofuata Amin akafukuza Wahindi wa Uganda, siku tisini, na baba akasema tusingoje. Tukaenda. Sina kinyongo, nasema tu ilivyokuwa. Hapa Belgrave Road ukiingia duka la vitambaa, wazee wakitaka kusema siri mbele ya watoto, wanatumia Kiswahili. Watoto wanadhani ni lugha ya siri ya familia.

Harusi ya mjukuu wangu ilikuwa Antalya, Uturuki. Nilipinga sana. Nilipofika nikakuta watu kumi na wanne wa mtaa wetu wa Tabora, wengine sijaona miaka hamsini. Sikusema tena kitu.

#16 BintiUpanga (mleta uzi)

@Mzaliwa wa Tabora baba, shikamoo. Bibi yake bwana harusi naye ni wa Tabora, kabla ya kuolewa Mwanza. Wote wanamwita Ba. Miaka 84, kiti cha magurudumu, macho kama mwewe. Nitamalizia naye.

Jumamosi yenyewe. Bwana harusi anakuja na msafara, Wagujarati wanaita jaan. Farasi mweupe alikuwepo, kapambwa. Bahati mbaya farasi na dhol hawakuwa wametambulishwa. Dhol ilipopigwa mara ya kwanza alirudi kinyumenyume mpaka kwenye bustani ya maua ya hoteli, bwana harusi juu yake ameshika kilemba kwa mkono mmoja. Akashushwa. Mita mia mbili zilizobaki akatembea kwa miguu, na kusema kweli ilipendeza zaidi, maana alicheza na ndugu zake njia nzima.

Mlangoni mama mkwe anampokea, na mama mkwe anajaribu kumshika pua. Kabisa, pua. Maana yake usije na majivuno, umekuja kuomba binti. Kijana anakwepa, ndugu zake wanamkinga, watu wanashangilia kama mpira. Alishikwa. Akakanyaga vibakuli vya udongo vikavunjika, akaingia. Alipovua viatu tu kwenye mandap, sisi upande wa bibi harusi tukaviiba. Mimi ndiye niliyevificha, chini ya sari, na kwa blauzi ile sikuweza kuinama kuvitoa, ikabidi nisimame navyo saa nzima. Upande wa bwana harusi wakavigomboa kwa rial mia moja na moja. Mgao wangu rial kumi. Kwa hiyo @Mzalendo halisi toa hiyo kwenye gharama zangu.

Maharaj akapaza sauti, "Kanya padhravo savdhan," mleteni binti, kuweni macho. Mjomba yule mwenye masharubu, mama, ndiye anayemleta. Kati ya maharusi kuna pazia limeshikwa, hawaonani. Likashushwa. Nilikuwa upande wa bwana harusi naona uso wake, nikasahau blauzi.

Halafu moto. Hoteli ilikataa moto wa ndani, vitambua moshi vingelia. Hivyo mandap ikawa nje, na bahari ikaleta upepo. Kila maharaj akiweka samli, ndimi zinalala upande wa wazazi. Nyuma yake alisimama kijana wa usalama wa hoteli ameshika mtungi wa kuzimia moto, kavaa suti, uso mkavu, katika kila picha takatifu yumo. Wajomba wakachukua shuka mbili wakazishika kama ukuta kuzuia upepo, wakasimama hivyo mizunguko yote minne. Wagujarati wanazunguka moto mara nne, wa kaskazini ndio mara saba. Kila mzunguko kaka wa bibi harusi anamtilia nafaka mkononi. Wa mwisho ukiisha wanakimbilia viti, atakayekaa kwanza ndiye atakayetawala nyumba. Rafiki yangu alikaa kwanza. Nilimfundisha mimi kukaa kwa haraka, tangu kugombania dawati la dirishani.

Zikabaki hatua saba, na hapa tena nikashtuka: wamepanga popoo saba chini, na kila hatua bibi harusi anagusa moja kwa kidole cha mguu. Popoo! Ile ile ya tambuu. Kwa sheria ya ndoa ya Wahindu kule India, hatua ya saba ndiyo inayofunga ndoa.

#17 mwanasheria_wa_mtaani

Ya India sawa, lakini hao si raia wa India. Kisheria wameoana wapi?

#18 BintiUpanga (mleta uzi)

Walishafunga ya serikali Dar mwezi mmoja nyuma, ofisi ya Mkuu wa Wilaya, baada ya tangazo la siku 21. Mashahidi wawili, mmoja mimi. Tulimaliza tukaenda kunywa miwa. Hakuna aliyepiga picha nzuri hata moja.

#19 Kipanga_wa_Ilala

NYAMA.

#20 BintiUpanga (mleta uzi)

Haya. Ndani ya hoteli hakuna, hata yai. Na wala sikuikosa kwa siku mbili za mwanzo, undhiyu yao, mchanganyiko wa mboga, ingekunyamazisha wewe. Ila Ijumaa saa nane usiku natoka garba, nakuta wajomba wawili, sitasema wa upande gani, wanapanda gari la dereva wetu. Wakaniita, "Binti, kuja, kuna mishkaki." Muscat wanachoma mishkaki kando ya barabara na jina ni hilo hilo, mishkak. Tulikula kwenye boneti. Mjomba mmoja ndevu zikiwa bado na manjano ya asubuhi. Wakaniapisha kwa Kiswahili nisimwambie Ba.

Jumapili baada ya hekalu tukaenda soko la Mutrah. Nilikuwa nasukuma kiti cha Ba. Akasimama kwenye duka la ubani, akauliza bei kwa Kigujarati, mwenye duka hakuelewa. Kwa Kiingereza, akamjibu rial tatu. Ba akageuka kwangu akasema kwa Kiswahili, "Mwizi huyu."

Mwenye duka akasema, "Bibi, mie si mwizi, ni ubani wa Dhofar."

Ba hakushtuka hata kidogo. Akamwambia, "Basi moja na nusu."

"Moja na nusu ni bei ya mwaka gani, bibi?"

"Elfu moja mia tisa sitini na moja. Tabora. Baba yangu alikuwa anauza."

Yule mzee akakaa chini kwenye kigoda chake, akaagiza kahawa.

#21 Msafiri wa Mutrah

Duka la kona, karibu na mlango wa pwani? Namjua huyo. Mwisho alimuuzia ngapi?

#22 BintiUpanga (mleta uzi)

Rial mbili. Na akamwekea haluwa juu. Ba njiani akaniambia bado kaibiwa, halafu akanusa mikono yake akaniuliza: "Ijumaa usiku mlikula mishkaki ya ng'ombe au mbuzi?"